Kutafuta ufuo mpya wa mbio za ubao wa tanga: maswali tunayoulizwa kila mara

Sisi ni marafiki saba wa Nairobi. Mara nne au tano kwa mwaka tunateremka Pwani na mbao juu ya gari, na karibu kila safari tunatenga siku mbili za kutafuta mahali ambapo hatujawahi kukimbia. Hatuna klabu wala mfadhili. Tuna kundi la WhatsApp, stoo ya kukodi Syokimau, na ubishi usioisha kuhusu nani ana kasi. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila tunapopata mwenzetu mpya. Majibu ni yetu, na mahali tulipokosea tumesema.

## Mambo ya kwanza

Mchezo wenyewe ni upi?

Ni ubao, mlingoti na tanga, wengi huuita windisafu. Katika tawi hili la kasi hakuna kuruka hewani wala kupanda mawimbi. Unakimbia mstari mmoja, unashikilia tanga mpaka mikono inalia, kisha unaangalia GPS imesemaje. Kasi hutajwa kwa noti, na noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa. Noti 30 ni kama kilomita 55 kwa saa. Kwenye Thika Road huo ni mwendo wa kupigiwa honi, lakini majini, nyayo zikiwa shubiri moja juu ya bahari, utadhani unapaa.

Mwaka 2015, Mfaransa Antoine Albeau alikimbia mita 500 kwa wastani wa noti 53.27, karibu kilomita 99 kwa saa, huko Lüderitz, Namibia. Namtaja kwa sababu moja. Lüderitz ina upepo wa kutisha, lakini wenye mchezo hawakuridhika na upepo peke yake: walichimba mfereji mwembamba ufuoni ili wapate maji yasiyo na mikunjo. Ukielewa kwa nini walichimba, umeelewa nusu ya ukurasa huu.

Upepo ukiwa mkali, si kasi itakuja yenyewe?

Hapana. Hili ndilo kosa la kila mgeni, na sisi tulilifanya mwaka mzima. Tulikuwa tukifuata upepo kama mbwa anayefuata pikipiki. Noti 25 kwenye bahari iliyochafuka zinakupa ubao unaorukaruka, pezi la chini ya ubao linalopoteza mshiko na magoti yanayouma jioni. Noti 18 kwenye maji yaliyolala zinakupa kasi kubwa zaidi na bado una nguvu za kula pilau. Siku yetu bora kuliko zote, programu ya simu ilikuwa imetabiri noti 16.

Basi mahali pazuri pana sifa gani?

Sifa ya kwanza ni kinga. Lazima kuwe na kitu joshini, yaani upande upepo unakotoka, cha kuvunja mawimbi bila kuzuia upepo. Fungu la mchanga lililojitokeza linafaa kuliko vyote. Mwamba uliofunuliwa na maji kupwa unafuata. Miti na majengo havifai, kwa sababu huvunja upepo pamoja na mawimbi.

Sifa ya pili ni pembe. Ubao wa kasi haukimbii vizuri ukielekea upepo wala ukiupa mgongo kabisa. Hukimbia vizuri upepo ukikupiga nyuma ya bega, nyuzi 120 hadi 135 kutoka upande upepo unakotoka. Ukingo wa fungu usipolala kwenye pembe hiyo, uzuri wake wote ni wa kupigia picha.

Urefu unategemea unachopima. Kwa noti 30, sekunde kumi ni mita 154. Ongeza mita 200 za kushika kasi na mia za kupunguza, utaona nusu kilomita inatosha. Anayetaka mita 500 kamili atafute karibu kilomita nzima. Kuhusu kina, angalia swali la "Maji yawe na kina gani?"

Kwa nini msiende Diani au Watamu kama watu wengine?

Tunaenda. Galu, kusini mwa Diani, ni mahali pa kujifunzia, na ukanda wa Che Shale karibu na Mambrui una upepo wa kuaminika. Lakini fuo hizo zimejaa watu wa kaiti, wanaovutwa na tiara juu ya ubao, na kamba za kaiti zina urefu wa zaidi ya mita 20. Mtu anayekuja kwa noti 30 kwenye mstari mmoja, akikutana na mwanafunzi wa kaiti wa siku ya pili, mmoja wao ataumia. Tunatafuta mahali pengine kwa ajili ya nafasi, si kwa sababu tunajiona.

## Kabla ya kutoka Nairobi

Mnaanzia wapi?

Kwenye kompyuta, jioni, na chai. Tunafungua picha za setilaiti za mwambao kutoka Vanga hadi Kiunga na kutafuta vitu vitatu: mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika kwenye mwamba, rangi ya maji nyuma yake, na mafungu kwenye midomo ya hori. Maji ya kijani hafifu yana mchanga chini. Madoa meusi ni majani au matumbawe, na picha haikuambii ni kipi kati ya hivyo viwili.

Usiridhike na picha moja. Google Earth ina picha za miaka iliyopita, na tofauti utakayoiona itakushangaza. Fungu lililo refu kwenye picha ya Februari linaweza kuwa limepinda kama ndizi kwenye picha ya Agosti, kwa kuwa kaskazi na kusi, pepo zetu mbili za misimu, husukuma mchanga pande tofauti. Halafu picha moja ilipigwa maji yakiwa yamejaa, nyingine yakiwa yamekupwa. Tulishawahi kushangilia kisiwa kizima cha mchanga, kumbe kilipigwa picha siku ya bamvua, maji yanapokupwa kupita kawaida, na huonekana kwa saa mbili tu.

Pima urefu na uelekeo kwa rula ya programu. Andika nyuzi za kila ukingo unaokuvutia, kisha linganisha na upepo.

Twende mwezi gani?

Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi, ikinoga zaidi Januari na Februari. Kusi huanza kushika Aprili, lakini Aprili na Mei ni masika: mvua, maji machafu karibu na mito, na barabara za vumbi zinakuwa za matope. Kusi yetu ni Juni hadi Septemba. Kipindi cha mpito cha Oktoba na Novemba, ambacho wenyeji hukiita matlai, upepo huwa hauna msimamo. Tunakitumia kutembea na kupima kina.

Kuna jambo lilinifurahisha nilipochora ramani yetu ya kwanza. Mwambao wetu umelala takribani kaskazini-kaskazini-mashariki. Kusi ikitoka kusini-kusini-mashariki, mstari wa kasi unakwenda juu sambamba na ufuo, kuelekea Lamu. Kaskazi ikipinda mashariki alasiri, mstari unageuka na kushuka kuelekea Vanga. Ni njia ileile ya majahazi: kaskazi iliyaleta kutoka Arabuni, kusi ikayarudisha. Manahodha walilijua hili karne nyingi kabla yetu, sisi tukaligundua kwa rula ya kompyuta mtaani Donholm.

Jedwali la maji kupwa na kujaa tunalisomaje?

Hapa tulia, kwa sababu safari nyingi huharibikia hapa.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila zamu kama saa sita na dakika kumi na mbili. Wakati wa bamvua, karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita mita tatu. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti inashuka hadi karibu mita moja. Mamlaka ya Bandari ya Kenya huchapisha jedwali la Kilindini, na ndilo tunaloliamini.

Sasa jambo ambalo wageni hawaambiwi. Siku za bamvua maji hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Upepo wetu nao huamka mchana na kunoga alasiri. Kwa hiyo ukienda siku ya mwezi mpevu kwa sababu "maji yanakupwa sana", utakuta mwamba umefunuliwa asubuhi upepo ukiwa bado umelala, na alasiri upepo ukiwa mzuri mwamba umeshamezwa na mawimbi yanapita juu yake hadi ufuoni. Siku za maji mafu maji hupwa alasiri, lakini hayashuki vya kutosha kuufunua mwamba.

Dirisha liko katikati. Kupwa huchelewa kwa wastani wa dakika hamsini kila siku, kwa hiyo siku ya nne au ya tano baada ya mwezi mpevu au mwandamo, maji hupwa kati ya saa sita na saa nane mchana, na bado yanashuka vizuri. Hapo una mwamba nje ya maji na upepo unaopanda kwa wakati mmoja, saa mbili au tatu hivi. Safari zetu zote sasa tunazipanga kwa mwezi, si kwa wikendi. Mabosi wetu wameshazoea maombi ya likizo ya Jumanne.

Programu ya simu inasema noti 14. Tughairi?

Si lazima. Programu nyingi hukadiria upepo wa eneo kubwa na hazioni vizuri upepo wa bahari unaozaliwa bara ikipata joto. Jua likiwa kali na mawingu yakiwa machache, upepo huo huongezeka juu ya kaskazi au kusi. Mawingu mazito ya asubuhi hufanya kinyume. Idara ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali baharini, hiyo tunaichukulia kwa uzito kuliko programu yoyote.

## Njiani

Mbao zinasafirije?

Ubao wa mita mbili na robo hauingii kwenye rafu ya mizigo ya Madaraka Express, basi tunagawana: wawili au watatu wanashuka na gari lenye mbao, wengine wanapanda treni Syokimau na kukutana nao. Mlingoti hugawanyika vipande viwili. Funga mikanda miwili, na simama Mtito Andei uikague, kwa sababu huwa inalegea kwa upepo wa malori. Mara moja tulipuuza, na mfuko wa pezi ukabaki mahali fulani kati ya Kibwezi na Voi.

Mkienda Kilifi au Malindi, kateni Mariakani mpitie Kaloleni hadi Mavueni, mtaukwepa msongamano wa Mombasa. Mkienda Kwale, barabara ya Dongo Kundu imetuondolea foleni ya kivuko cha Likoni.

Ufuo si ni wa hoteli?

Hapana. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaiweka ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Tatizo ni njia ya kuufikia, ambayo mara nyingi hupita kwenye kiwanja cha mtu. Tunatafuta njia ya wavuvi, kwa kuwa kila kijiji cha wavuvi kina njia yake. Tukilazimika kupita kwa mtu, tunaomba. Askari wa geti mmoja alitukatalia kata kata mwaka juzi, tukazunguka kilomita mbili kwa mguu na matanga begani. Yule bwana alikuwa akitutazama tu, na jioni akatuuliza upepo ulikuwaje.

## Siku ya kwanza ufuoni

Kwa nini hamfungi matanga siku ya kwanza?

Kwa sababu mtu akishafunga tanga haoni tena kitu kingine. Siku ya kwanza ni ya miguu. Tunafika kabla maji hayajamaliza kupwa, tunavaa viatu vya soli ngumu na kutembea urefu wote wa mstari tunaoufikiria, wawili wawili, na fimbo yenye alama za sentimita 40, 60 na 100. Mmoja anabaki na kipima upepo cha mkononi na kuandika kila robo saa. Anayelalamika kwamba anapoteza siku ya upepo, huyo ndiye tunayempa fimbo.

Tuwaulize wavuvi nini, na tuanzeje?

Anza na salamu, na usiikatize. "Shikamoo mzee" kwa mwenye umri wake, habari za nyumbani, habari za bahari. Ukimkuta anashona nyavu, kaa chini naye. Waliozoea kuuliza kwa haraka za Nairobi hujibiwa kwa haraka, na jibu la haraka halina faida.

Kisha uliza mambo ambayo yeye anayajua kuliko picha yoyote. Kusi ikivuma, maji ya hapa hukaaje alasiri? Mkondo wa mlango, yaani pengo la mwamba, unavuta upande gani maji yakitoka? Madema, yaani mitego ya samaki, yako wapi, na nani huweka jarife, ule wavu mkubwa, usiku? Kuna uzio wa samaki au vigingi vya zamani ambavyo havionekani maji yakijaa? Upande wa Kibuyuni na vijiji jirani huko Kwale, uliza pia mashamba ya mwani, maana yana vigingi na kamba kwenye kina kilekile tunachokipenda, na ni riziki ya akina mama. Huko hatukimbii, hata maji yawe kioo.

Wakati mwingine nahodha wa mashua hutupa jibu ambalo hatukuuliza. Mzee mmoja alitusikiliza tukieleza pembe na nyuzi, akacheka, akachora mchangani kwa kidole fungu ambalo halikuwa kwenye picha yetu yoyote. "Kaskazi ikianza, hili huota," akasema. Liliota kweli.

Kila eneo lina kamati yake ya wavuvi, BMU. Pita ofisini kwao mjitambulishe. Kama kuna mchango wanaoutoza wageni, lipeni na mpewe risiti.

Maji yawe na kina gani?

Kiunoni ndiyo kipimo chetu. Pezi la ubao wa kasi lina sentimita 25 hadi 35, kwa hiyo kihesabu sentimita 60 zingetosha ubao kupita. Lakini hesabu hiyo haimhesabu binadamu anayeanguka. Kuanguka kwa noti 30 kwenye maji ya magotini ni sawa na kuruka kutoka kwenye matatu inayokwenda. Chini ya sentimita 80 hatukimbii, hata kama chini ni mchanga mtupu.

Kumbuka pia kwamba unapima saa moja na utakimbia saa nyingine. Katikati ya zamu maji hushuka haraka kuliko mwanzoni au mwishoni. Mimi nilivunja pezi jipya kabisa kwenye jiwe ambalo saa moja na nusu kabla yake nilikuwa nimepita juu yake nikiimba.

Majani ya baharini je?

Yanakera. Yakijikunja kwenye pezi, ubao hugoma kama punda. Dawa ni pezi lililolala nyuma, nyuzi 45 au zaidi, ili majani yateleze. Unapoteza kasi kidogo, lakini unamaliza mbio. Msiyang'oe: ni malisho ya kasa na nyumba ya samaki wadogo ambao yule mzee wa nyavu anawategemea.

Tumekanyaga kitu. Tufanyeje?

Taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujifukia mchangani kwenye maji machache, kwa hiyo buruta nyayo unapotembea, usikanyage kwa kunyanyua mguu. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, nyuzi 45 hivi, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, na uende hospitali. Tunabeba chupa mbili za maji ya moto na karai, na watu hudhani ni ya uji. Kwa wale wanyama weusi wa baharini wenye miiba mirefu (sea urchin), viatu ndiyo kinga. Mwiba ukivunjikia ndani kwa kina au kwenye kiungo, mwachie daktari.

## Kukimbia na kupima

Tulete vifaa gani?

Kwa upepo wetu wa kawaida, noti 15 hadi 22, mtu wa kilo 80 anahitaji ubao wa slalomu wenye upana wa sentimita 60 na kitu na tanga la mita za mraba 7 hivi. Mbao nyembamba kabisa za sentimita 40 na kitu zinataka noti 25 na zaidi. Tunayo moja, imekaa stoo muda mrefu kuliko ilivyokaa majini.

Siku ya majaribio peleka ubao wa zamani na pezi la zamani. Helmeti na jaketi la kukinga mbavu ni lazima. Maji ni ya joto, kwa hiyo nguo nzito huihitaji, lakini vaa fulana ya mikono mirefu, maana jua la saa saba linachoma bila kukuambia.

Kasi inapimwaje bila ubishi?

Kwa kifaa cha GPS kinachosoma mwendo kwa njia ya Doppler, kikiwa juu ya mkono au kwenye helmeti. Simu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki hutoa vilele vya ajabu unapoanguka. Ndugu mmoja wa Rongai alidai noti 47 kwa simu, tukamnunulia soda kwa utani. Sisi hushindana kwa wastani wa mbio tano bora za sekunde kumi kumi, kwa sababu mbio moja ni bahati na mbio tano ni kazi.

Tukishafika mwisho wa mstari, tunarudije?

Hili huulizwa na wachache na huwasumbua wote. Mstari wa kasi unakupeleka demani, yaani upande upepo unakoelekea, na kurudi ni kupiga bisho, kwenda joshi kwa vipande. Mbio moja ya nusu dakika inaweza kukugharimu dakika kumi za kurudi. Kama kuna fungu, tembea juu yake ukivuta ubao. Kama kuna njia ya gari kando ya ufuo, mmoja akae na gari demani. Mahali pasipo na njia ya kurudi tunapafuta kwenye orodha hata pawe na maji ya kioo.

## Usalama

Hatari kubwa ni ipi?

Upepo unaotoka bara. Asubuhi mapema, hasa wakati wa kusi, upepo unaweza kutokea nchi kavu na maji ya ufuoni yakalala kama mafuta. Yanavutia mno. Lakini kitu chochote kikikatika, unapelekwa nje kuelekea mwamba, na nyuma ya mwamba ni bahari kuu. Hatukimbii kwa upepo huo bila mashua yenye injini ikitusubiri demani.

Hatari ya pili ni mlango wa mwamba maji yakitoka, kwa kuwa maji yote ya ndani hupita hapo. Chagua mstari unaoishia mbali na mlango.

Hatuingii majini chini ya watu watatu, mmoja akiwa nchi kavu na darubini na simu yenye chaji. Namba za dharura ni 999 na 112, lakini namba ya nahodha wa karibu huitikiwa haraka zaidi. Ichukueni siku ya kwanza na mkubaliane bei kabla ya shida.

## Maswali ya pembeni

Tunaweza kukimbia ndani ya hifadhi ya bahari?

Malindi na Watamu zimekuwa hifadhi tangu 1968 na zinasimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori. Kuna ada na masharti, na sehemu nyingine hufungwa. Uliza afisi ya hifadhi husika kabla hamjashusha mbao. Ngomeni nayo, kaskazini mwa Malindi, ina kituo cha anga kinachoendeshwa na Waitaliano, chenye majukwaa baharini. Kaeni mbali nayo.

Na droni?

Inahitaji idhini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na ndani ya hifadhi ruhusa ya KWS juu yake. Sisi tulipanda mnazi. Yaani, tulimlipa kijana akapanda na kamera, akarudi na picha na madafu.

Kwa nini msifanye mazoezi Naivasha, ni karibu?

Kwa mbinu, sawa. Kwa kasi, si mahali pake. Pana viboko, pana magugumaji, na hewa yenyewe ni nyepesi: kwenye mita karibu 1,890 juu ya usawa wa bahari, inapungua uzito kwa takribani moja ya sita. Noti 20 za Naivasha zinasukuma tanga kama noti 18 za Kilifi.

Na Turkana? Kule upepo haulali.

Kweli haulali. Si bure wakasimamisha mitambo 365 ya umeme wa upepo karibu na Loiyangalani. Lakini ziwa lina mamba, na mchezo huu una kuanguka kwingi.

Tukipata mahali, tutangaze?

Tunabishana hadi leo. Msimamo wangu: marafiki waambiwe, na watu wa kijiji waulizwe kwanza. Kijiji kimoja kilifurahia wageni, kingine wazee walituomba tusiwalete wengi kwa sababu ya nyavu. Ndiyo maana ukurasa huu hauna ramani.

Tulirudi mwaka uliofuata, fungu halipo. Tulikosea mahali?

Pengine hamkukosea. Mchanga umehama. Kwanza angalieni kama mmefika siku ileile ya mwezi, kwa kuwa sentimita 40 za maji zinatosha kulificha fungu zima. Kama siku ni ileile, tembeeni upande ambao upepo wa msimu uliopita ulikuwa ukisukuma, mara nyingi liko mita mia mbili au tatu mbele, fupi kidogo na limepinda. Letu la kwanza tulilipata hivyo. La pili hatujaliona tena, na tarehe ya safari ijayo, siku ya tano baada ya mwezi mpevu wa Januari, imeshawekwa kwenye kundi. Fimbo ya kupimia iko kwangu.